Jicho Jipya na Theluji ya Kibo

Tangu nilipokuwa msichana wa darasa la kipaimara nilijulikana kwa maswali. Mwalimu alitufundisha kwamba Mungu aliumba nuru siku ya kwanza na jua siku ya nne, nami nikanyosha mkono nikauliza nuru ya zile siku za katikati ilikuwa inatoka wapi. Nikatolewa nje kwenda kupalilia maua ya kanisa. Sikuliona kosa langu siku ile, na mpaka leo silioni.

Shule yangu iliishia darasa la saba. Maisha yangu ni migomba, kahawa kidogo na ng'ombe wawili hapa Machame, lakini ugonjwa wa kuuliza haukuniacha. Mtaalamu wa mifugo akija kumpandisha ng'ombe kwa mrija, namuuliza ile mbegu inajuaje pa kwenda kwenye giza lote lile. Watu wananikimbia. Mama yangu tu ndiye ambaye hakunikimbia, na alikuwa akisema mwenyewe, huku anacheka, kwamba angekimbia naye kama angekuwa anaiona njia.

Mama alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Ugonjwa ulianza polepole. Kwanza alikuwa anawasalimia watu wasio wenyewe kanisani, baadaye akawa anatia chumvi kwenye chai, mwishowe akabaki kujua tu kama mlango umefunguliwa au umefungwa. Tulipomtajia hospitali alisema aliyempa macho ndiye aliyeyachukua, na yeye si mtu wa kugombania kilichotolewa bure. Miaka ikapita hivyo. Mtoto wangu wa mwisho alikuwa hajaanza shule, na mpaka anamaliza kidato cha sita bibi yake hajui sura yake.

Lakini kila asubuhi aliamka, akanawa uso, akapapasa ukuta mpaka nyuma ya nyumba, upande wa mlimani, akasimama kando ya masale, ile mimea ya majani marefu tunayopandia mipaka ya vihamba vyetu, mashamba ya urithi. Hapo ndipo alipokuwa akisali Baba Yetu, uso ameuelekeza Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Baba yake, kabla kanisa halijampata, alikuwa akisimama vivyo hivyo alfajiri, anatema mate kidogo kuelekea juu, anamshukuru Ruwa, maana ndivyo tunavyomwita Mungu kwa Kichagga. Mama aliyaacha mate, akabaki na upande. Hakuna aliyemwambia mchungaji.

Kabla hajaanza, aliniuliza nikiwa bandani nakamua.

"Mlima umetoka?"

"Umetoka, mama."

"Mweupe?"

"Mweupe."

Kukiwa na mawingu, na banda limekuwa giza, nilimwambia umejifunika, naye alisali hivyo hivyo ila kwa ufupi, kama mtu aliyebisha hodi akasikia wenyeji bado wamelala. Mazungumzo hayo tuliyafanya miaka yote hiyo, na sidhani kulikuwa na maneno mengine niliyoyasema mara nyingi kuliko hayo.

Kilichombadilisha mawazo ni mfereji. Nyuma ya nyumba yetu unapita mfongo, mmojawapo wa mifereji waliyoichimba wazee kushusha maji kutoka msituni, na asubuhi moja aliukosea hatua akaingia. Nilimkuta amekaa kwenye maji yanayomfika kiunoni, ametulia, kanga imemgandia mwilini. Hakuumia popote. Aliona aibu tu, na aibu ilifanya kazi iliyotushinda sisi wote. Nilipokuwa namkausha akasema, "Haya, nipelekeni huko kwenu."

Mjini Moshi tulipokelewa na daktari wa macho, binti mdogo aliyevaa hijabu. "Shikamoo bibi," alisema, na mama akaitika marahaba, kisha akamhoji daktari badala ya yeye kuhojiwa: mtoto wa nani, kwao wapi. Daktari akamwambia babu yake alikuwa fundi cherehani mjini hapa hapa. Mama akaridhika, kwa sababu mtu anayetoka kwenye mikono ya fundi hawezi kuogopa kazi ndogo ndogo. Walikubaliana watafanya jicho moja kwanza, na la pili baada ya wiki chache.

Mimi nilisubiri nje kwenye benchi. Alipotolewa, jicho limefunikwa kwa bandeji, jambo la kwanza alilonieleza halikuwa maumivu. "Kabla hajaanza, daktari alisema Bismillah. Nami nikasema Baba Yetu kimoyomoyo. Basi tukaanza."

Nimelifikiria sana hilo. Mkristo amelala, Mwislamu amesimama, kila mmoja amemtaja Mungu kwa lugha yake, halafu mkono haukutetemeka. Nani alisikilizwa? Au waliosikilizwa ni wote wawili? Au mkono ule ulikuwa mtulivu kwa sababu tu umefundishwa vizuri? Nilitaka kumuuliza daktari, nikaona nitatolewa nje tena nikapalilie maua.

Kesho yake asubuhi bandeji ilifunguliwa. Daktari akanyosha vidole viwili, mama akasema viwili. Akanyosha vinne, mama akasema vinne. Akamwonyesha ile karatasi ya ukutani yenye alama zinazoangalia huku na huku, na mama akawa anaonyesha kwa mkono kila moja inakoelekea, mstari kwa mstari, mpaka zile ndogo ambazo mimi mwenyewe nilizikodolea macho. Nililia pale pale, wala sikujificha.

Kisha nikauliza. Sikuweza kujizuia. Nilitaka kujua miaka yote ile mwanga ulikuwa unaenda wapi.

Daktari hakunikimbia. Alisema mwanga ulikuwa unaingia siku zote, ila kuna kitu mfano wa kioo kidogo ndani ya jicho, nacho kilikuwa kimepata ukungu. Yeye amekitoa kile na kuweka kingine kisafi. Halafu akaongeza jambo dogo tu, kama mtu anayeongeza chumvi. Alisema picha ya kila tunachokiona inafika ndani ya jicho ikiwa imepinduka, miguu juu kichwa chini, na ubongo ndio unaoisimamisha.

Maisha yangu yote Kibo imekuwa ikiingia kichwani mwangu ikiwa imepinduka, na kuna kitu ndani yangu, ambacho sikukifundisha wala sikukilipa, kimekuwa kikiigeuza kila ninapofungua macho, tangu nikiwa mtoto mgongoni. Nilimuuliza kitu hicho kimefundishwa na nani.

"Hilo, mama," alisema, "hata mimi huwa najiuliza."

Sijawahi kupata jibu lililonishibisha kama lile. Msomi yule, mwenye jicho la mama yangu mikononi mwake, alikuwa amesimama mbele ya ukuta ule ule ulionizuia mimi, ila yeye ameusogelea zaidi.

Tulifika nyumbani alasiri, mlima umejifunika. Asubuhi iliyofuata mama alitoka mwenyewe bila kupapasa ukuta. Ilikuwa Februari, kiangazi, anga haina hata wingu. Mimi nilikuwa bandani nakamua, nikisubiri aniulize, na hakuuliza. Bila shaka, nilijiambia, sasa ana macho yake. Lakini nilisubiri nisikie sala, na sala nayo haikuja. Nikatoka na ndoo mkononi.

Alikuwa amesimama pale pale, analifunika jicho jipya kwa kiganja, analifunua, analifunika tena.

"Wamekosea," alisema. "Hili jicho halioni weupe."

Ndipo nami nikatazama juu. Nasema nikatazama, kwa sababu niligundua palepale kwamba sikuwa nimefanya hivyo kwa muda nisioujua. Kibo ilikuwa ya kahawia na kijivu. Huku na huku palikuwa na vipande vyeupe vimening'inia kwenye miamba, kama nguo chache zilizosahauliwa kwenye kamba. Ule mlima niliokuwa nikimtajia kila asubuhi haukuwepo.

Mama aliingia ndani akakaa. Akatangaza kwamba jicho la pili haliguswi. Hili alilotengenezewa linamwibia, alisema, na lile lililobaki, japo halioni, angalau halimdanganyi. Nikamwambia theluji itarudi na mvua za masika. Akanijibu kwamba yeye amekaa chini ya mlima huu kabla yangu, na hata kiangazi ulikuwa mweupe. Alikuwa anasema kweli.

Nilishikwa na hofu, maana daktari alikuwa ametuonya: jicho lile la pili limeiva mno, likiachwa linaweza kuleta presha ya ndani na kufa kabisa, na likishakufa hakuna Bismillah wala Baba Yetu itakayolifufua kwenye meza ya upasuaji. Tarehe ilikuwa imeshapangwa. Na dawa ya ukaidi wa mama niliijua, nilikuwa nayo mdomoni. Nilitakiwa kumwambia kwamba jicho lake ni zima na kwamba mwongo ni mimi. Sikuweza. Nilishinda siku kadhaa nikikata majani ya ng'ombe kwa hasira, kana kwamba majani ndiyo yaliyosema uongo.

Nikaenda kwa jirani yetu, mzee aliyepanda mlima ule tangu alipokuwa mpagazi mpaka akawa kiongozi wa wageni, hadi magoti yalipokataa. Nilimsalimia, nikamuuliza barafu imekwenda wapi. Akanieleza kwamba kule juu ilikuwa inasimama wima kama ukuta wa nyumba, na ukiisogelea unaona mistari myeusi ndani yake. Mtaalamu mmoja aliyempeleka alimwambia mistari ile ni vumbi la miaka ya ukame ya zamani sana, kabla hata wazee wetu hawajapanda mgomba wa kwanza hapa. Mahali walipokuwa wakipita pembeni ya ukuta huo, sasa unakanyaga changarawe.

"Nani ameiyeyusha?"

"Kila kundi nililolipandisha lilisema lake. Moshi wa viwanda vya mbali. Misitu iliyokatwa. Mvua iliyopungua. Siku hizi wengi wanasema joto la dunia nzima."

"Na Mungu? Amekasirika?"

"Nimefika kileleni mara nyingi, mama. Sikumkuta amekasirika. Nilikuta kimya."

Kisha akaniuliza swali lililonichoma kuliko yote niliyowahi kuwauliza watu. "Lakini wewe si unaishi hapa? Ulikuwa huoni?"

Nilirudi nyumbani nikitembea taratibu. Nilikuwa na macho mawili mazima, mlima uko nyuma ya nyumba yangu, na sikuona. Hakuna aliyeona, au hatukusema. Ulipungua kidogo kidogo, kila siku ukifanana na jana yake, na ubongo wangu ule unaosimamisha vilivyopinduka ulikuwa unanijazia pia weupe ambao haupo. Ilibidi aje mtu ambaye alikuwa kipofu, aliyeutunza mlima wa zamani kichwani bila kuuchanganya na chochote, ndipo ajue mara moja kwamba kuna kitu kimeondoka. Nilimwogopa mama yangu siku ile, jinsi unavyoogopa ukiingia kanisani peke yako.

Asubuhi yake nilimfuata kwenye masale kabla sijakamua.

"Mama, jicho lako ni zima," nilisema. "Weupe ndio umekwisha. Mimi ndiye niliyekuwa nakudanganya."

"Tangu lini?"

"Sijui."

"Ulipokuwa unaniambia mweupe, ulikuwa unatazama?"

"Hapana, mama. Nilikuwa nakamua."

Nilitegemea anikemee, na ningeipokea. Badala yake aliutazama tena mlima, muda mrefu, safari hii bila kulifunika jicho.

"Kwa hiyo nilikuwa naomba nikielekea nini?"

Midomo yake ilicheza kama anayehesabu. Baadaye akasema polepole, si kwangu hasa, "Basi aliyekuwa ananisikia hakuwa theluji."

Akageuka. Akanishika kidevu, akanivuta karibu na jicho lile jipya, na kwa mkono wa pili akanisogezea kilemba nyuma.

"Na hizi mvi," aliuliza, "ni zako?"

"Ni zangu, mama."

Aliniambia alikuwa ameziona tangu hospitali, bandeji ilipofunguliwa, na hakusema. Alipouona mlima, alidhani kioo kile kimekosewa, kimeutoa weupe kule juu na kuumwaga kichwani kwangu, na akaona haya kulisema. Miaka yote alikuwa akinisikia bandani na kumwona yule mwanamke mwenye nywele nyeusi aliyemjua kabla ukungu haujaingia. Sasa, kama jicho lilisema kweli juu ya mlima, lilikuwa limesema kweli na juu yangu.

Ndipo alipolia. Kwa mlima hakuwa ametoa chozi hata moja.

"Umezeekea pembeni yangu na mimi sijui," alisema. "Tarehe yao ile ni lini?"

Nikamwambia ni Jumanne. Akasema tutaenda. Akainua mkono kujifuta, nami nikaudaka asilifikiche jicho, kwa sababu daktari alikataza, na yeye akaniachia niushike.