Harufu ya Uwatu kwenye Shati

Nimeuza viungo sokoni Kilwa Kivinje kwa muda mrefu kiasi kwamba pua yangu naiamini kuliko macho. Mteja akifungua mfuko wake mbele ya meza yangu, najua kama iliki aliyonayo ni mpya au ilishakata roho zamani. Na mteja wangu haondoki hivi hivi. Nitamweleza kwamba karafuu ni kitumba cha ua kilichochumwa kabla hakijachanua, kwamba asili yake ni visiwa vya mbali huko mashariki, ndipo ikaja Unguja na Pemba. Na kwamba pilipili manga ilitoka Bara Hindi. Nitamweleza pia jinsi karafuu ilivyomtuliza jino jirani yangu, na jinsi jirani huyo alivyolia kabla haijamtuliza. Wateja wanaipenda hadithi hiyo. Jirani haipendi.

Mume wangu ni fundi seremala, karakana yake iko mjini Masoko. Huondoka asubuhi na kurudi alasiri akinuka vumbi la mbao. Siku moja, mwaka juzi, alirudi ananuka mchuzi. Nikadhani amekula kwa mama ntilie. Kesho yake hivyo hivyo, na keshokutwa. Mwisho wa wiki nikalichukua shati lake kabla sijalitia majini, nikalinusa kwapa kama mtu anayekagua samaki.

Ulikuwa uwatu.

Uwatu ni punje ndogo za manjano, chungu, zinazotiwa kwenye achari na baadhi ya michuzi. Lakini huku kwetu ukisikia nyumba inanuka uwatu, kitu cha kwanza kinachokujia ni kwamba humo kuna mzazi. Mwanamke akijifungua hupikiwa uji wa uwatu ili maziwa yatoke. Mimi nilikunywa kwa watoto wangu wote, na mdogo wao sasa ana ndevu. Kopo langu la uwatu pale sokoni lilikuwa halijaguswa. Basi kama mume wangu ananuka uwatu na haukutoka kwangu, kuna nyumba nyingine, na ndani yake kuna mwanamke anayenyonyesha.

Sikumuuliza. Nilimwendea wifi yangu, dada yake mume wangu, nikamweleza nikilia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akataka kujua kama ni kaka yake huyu huyu anayesinzia kabla ya taarifa ya habari. Nikasema ndiye. Akasema angeshangaa sana, ila mwanaume huwezi kumwekea dhamana, na kama naenda kuangalia, nisiende mikono mitupu, maana mtoto hana kosa.

Ndiyo maana siku ya pili yake niliingia Masoko na kikapu. Nilikuwa nimetia tangawizi, mdalasini na pilipili manga za uji wa mzazi, na doti ya kanga mpya. Hasira zangu zote nilikuwa nazo, lakini sikutaka mtu aje kusema mke mkubwa alikuja na mkono mtupu.

Karakanani walikuwepo mume wangu na fundi mwenzake, kijana wa Kimatumbi kutoka Tingi. Mume wangu alikuwa amekaa nyuma ya rundo la mbao, anakunywa kitu cha manjano kwenye kifuniko cha chupa ya chai. Aliponiona akaficha chupa chini ya benchi.

Nikaweka kikapu chini. "Mzazi yuko wapi?" nikamuuliza.

"Mzazi gani?"

"Huyo unayemnywea uwatu."

Aliniangalia, akakiangalia kikapu, akaiona kanga. Fundi mwenzake akaweka randa chini, akanisalimia shikamoo, kisha kwa heshima zote akaniomba nimsaidie kumwachisha mzee kile kinywaji, kwa kuwa tangu alipoanza, kila joto likizidi na mzee akitoka jasho, karakana nzima inanuka pilau, na yeye hawezi kufanya kazi kwa njaa.

Hapo ndipo mume wangu alipotoa yote. Hospitali walikuwa wamemkuta na sukari na kumpa vidonge. Mtu akamwambia maji ya uwatu hushusha sukari, akawa anauacha umelowekwa usiku kucha huko huko karakanani, na kesho yake anaunywa kutwa. Nikamuuliza kwa nini alikwenda kuununua kwa mtu mwingine, na mkewe ana kopo zima.

Alijikuna shingo. "Ningenunua kwako, leo hii Kivinje nzima ingejua mkojo wangu una nini."

Nilitaka kubisha, ila nikamkumbuka jirani na jino lake. Nikakaa juu ya mbao, nikacheka mpaka nikafuta machozi kwa kanga ya mzazi. Kisha nikaivaa.

Tulikwenda zahanati pamoja. Alipoulizwa, alikiri kwamba siku za karibuni alikuwa akitetemeka mikono na kutoka jasho jembamba mchana. Muuguzi akamkaripia. Akasema uwatu ni chakula kizuri, lakini ukinywewa kwa wingi juu ya vidonge sukari inaweza kushuka kupita kiasi, na vidonge asiviache wala asivichanganye na kitu bila kusema. Mimi nilikaripiwa kwa ajili ya vijiko vinne vya sukari ninavyotia kwenye kikombe chake. Sasa chai yake naipika kwa iliki, mdalasini na tangawizi, bila sukari. Mwezi wa kwanza aliinywa kama mtu anayetumikia adhabu. Siku hizi ananiomba nyingine.

Uwatu bado nauza. Anayekuja kuununua namuuliza kama anatumia dawa za hospitali, na akiniambia ndiyo, namtuma kwanza kwa muuguzi. Juzi mwanamke mmoja aliniuliza habari za mume wangu, maana alisikia alikuwa anaumwa. Nikamjibu kwamba hajambo, anamshukuru Mungu, nikamfungia pilipili manga yake kwenye karatasi. Mate niliyameza mara mbili, lakini sikusema zaidi ya hapo.