Jiwe la Babu Athumani Lenye Sura ya Mtu Hai

Nikikutana na mtu wa Mbagala aliyekuwepo siku ile najifanya naongea na simu, maana aibu haijaniisha, na mpaka leo sielewi nilimwaibisha nani hasa.

Bibi yangu Zuhura alikuwa na kaka mmoja tu, Athumani, aliyeuawa vita vya Kagera, na kilio chake miaka yote ni kwamba kaka yake hana hata kaburi lenye jina. Basi Mzee Hamdani, rafiki wa marehemu, muuza mabati wa Manzese, akasema atatoa jiwe la marumaru kwa pesa yake, lisimamishwe kulekule Athumani alikouawa. Mie (nimesoma chuo kikuu, kila kitu nakihoji, hata wema) nikamwambia bibi mfanyabiashara hatoi bure, huyu anautaka udiwani. Bibi akanijibu, "Wewe mashaka yalikuota kabla ya meno."

Mchongaji akataka picha. Bibi alikuwa msibani Mbweni, simu haipatikani, nami badala ya kumsubiri nikafungua sanduku lake, na chini kabisa, katikati ya kanga, nikakuta picha ya studio ya kijana aliyevaa sare ya jeshi. Askari, ndani ya sanduku la bibi, nani mwingine? Nikaipiga kwa simu, nikaituma. (Kila kitu nakihoji, nimeshawaambia. Hiki sikukihoji.)

Siku ya kuliombea dua kabla halijapakiwa kwenye lori, uani pamejaa watu, pilau inanukia, na shehe ameshaguna kwamba sura kwenye jiwe haimpendezi. Shuka likavutwa. Jina la Athumani, na juu yake Mzee Hamdani wa ujanani, pua ileile, mwanya uleule (kwenye simu nilidhani ni mkwaruzo), naye mwenyewe kakaa mbele na kikombe cha kahawa.

Nyuma mtu akasema, "Kumbe mzee kajijengea mwenyewe," watu wakacheka, na mie kwanza nikafurahi kwamba mashaka yangu yalikuwa sahihi, halafu nikakumbuka aliyetuma picha ni nani. Ikabidi nisimame. Nikasema nilivyoikuta, mpaka zile kanga.

Hapo hata waliocheka waliacha. Bibi akavuta mtandio usoni. Mzee Hamdani akaweka kikombe chini.

"Sare ni ya Athumani," akasema. "Aliniazima nikapigie picha."

Ya kumpa nani, hakusema. (Na babu yangu, mume wa bibi, Mungu amrehemu, alilala chumba kimoja na sanduku lile mpaka anakufa.)

Nikamuuliza bibi, picha ya Athumani basi ni ipi. Kumbe haipo hata moja.

"Sura itolewe," bibi akasema. "Sare ibaki. Ile ni yake."

Shehe akaafiki, mchongaji akaisaga palepale, na jiwe sasa limesimama Kagera, jina, kola, vifungo vyote, pasipo uso.

Picha nimeirudisha chini ya kanga. Nina maswali ya kujaza lori, lakini nimeapa sanduku la mtu mzima silifungui tena, wala siulizi. Mzee Hamdani siku hizi anakuja kila Ijumaa kunywa kahawa na bibi. Akifika tu, naongea na simu.