Nambari Kumi na Nne, Karibu na Vyoo

Kila siku saa kumi na moja alfajiri, kabla ya kuvaa viatu, Baba Mkubwa Eliudi alipiga simu ya hali ya hewa. Sauti iliyojibu ilikuwa ya mwanamke aliyerekodiwa kwenye mashine. Eliudi alimsikiliza mpaka mwisho, mvua ya Washington, upepo wa Baltimore, hata mawimbi ya ghuba ambayo hayakumhusu, kisha akamwambia, “Asante sana, mama. Kazi njema.” Hakuweka simu chini mpaka yule mama alipoanza kurudia maneno yake. Kumkatia mtu kabla hajamaliza, alisema, ni ukosefu wa adabu.

Mkewe, Bilha, alimsikiliza kutoka kitandani akiwa macho. Siku zote alikuwa macho. Alifika Adelphi, jimbo la Maryland, Desemba ya mwaka 1997, baada ya kukaa miaka sita Vihiga akimsubiri mumewe apate karatasi za kuishi Marekani, na tangu hapo hakuwahi kulala usiku mmoja kamili. Vihiga nyumba zimebanana, mtu akipiga chafya majirani watatu humwambia pole. Hapa walikaa ghorofa ya tatu juu ya barabara ya University, wakisikia ving'ora na malori, na mtu wa mlango wa pili hawakumjua jina.

“Nchi hii haina usiku,” Bilha alisema. “Ina giza tu.”

Alikuwa amekubali kuja kwa sharti moja, kwamba tiketi iwe ya kwenda na kurudi. Tarehe ya kurudi ilikuwa kumi na tano Septemba. Tiketi yenyewe aliiweka ndani ya Biblia, kwenye kitabu cha Kutoka, na kila mtu katika ukoo alijua kwamba asipopata usingizi kabla ya siku hiyo, ataipanda ile ndege. Eliudi hakuitaja tiketi hata mara moja. Alichofanya ni kutafuta mahali ambapo mke wake angelala.

Wazo la kambi lilitoka kwa Kalisti, Mchaga wa Moshi aliyeendesha gari la makao ya wazee ambako Eliudi alifua mashuka.

“Shikamoo, Mzee Eliudi. Mama amelala?”

“Marahaba. Hajalala.”

“Basi mpeleke porini. Wamarekani wakikosa usingizi wanakwenda kulala chini kwenye mahema. Tena wanalipa!”

“Wana vitanda, halafu wanalipa ili walale chini?”

“Mzee, mimi nimeleta dawa tu. Sikusema mgonjwa ana akili.”

Jioni hiyo Eliudi alirudi na rundo la vijitabu vya hifadhi za jimbo la Maryland. Kila kijitabu kilikuwa na ramani ya kambi, na kila kiwanja cha kupigia hema kilikuwa na nambari yake. Kalisti alimchagulia kiwanja kilichosifiwa kuliko vyote: kilimani, ndani ya msitu, mbali na barabara, hakuna jirani hata mmoja. Mwezi wa Juni mimi, mtoto wa mdogo wake, niliwapeleka kwa gari langu, kwa kuwa Eliudi hakuwa na leseni, nikawaacha hapo na sufuria, mablanketi na hema la kuazima.

Asubuhi niliwakuta wote wawili wameketi kwenye meza ya mbao, migongo imegusana, kila mmoja akilinda upande wake. Bilha alikuwa amepakata sufuria.

“Mama Mkubwa, umelala?”

“Nilale na nani akichunga? Kimya kile hakikutoka kwa Mungu. Halafu alikuja mnyama fulani, uso kama mwizi aliyevaa miwani ya jua. Akanitazama. Akachukua chapati, akaenda kuiosha mtoni.”

“Aliiosha?”

“Aliiosha! Chapati yangu ina uchafu gani?”

Tulipofika mji wa Laurel Eliudi aligonga kioo cha gari kwa kidole, akasema, “Tulichagua vibaya. Tulisoma sifa. Tungesoma lawama.”

Kuanzia siku hiyo alisoma vile vijitabu kinyume. Palipoandikwa “pametulia” alipiga mstari mwekundu. “Mbali na watu” alipiga miwili. “Mbali na watu, ukipatwa na kitu utamwitia nani?” aliuliza. Penye kivuli kizuri na mto wake pia palikatwa, sababu ya yule mnyama msafi, ambaye Wamarekani humwita rakuni. Kisha akaanza kupigia hifadhi simu, moja baada ya nyingine, na ilikuwa kazi ngumu, maana alianza kila mara na salamu, akaulizia afya ya mtu, kazi, watoto, ndipo akafika kwenye shida yake.

“Nataka kiwanja ambacho watu wanakilalamikia,” alimwambia mama mmoja wa ofisi ya kambi.

“Bwana, umesema wanakilalamikia?”

“Ndiyo. Kipo?”

“Kipo. Nambari kumi na nne, karibu na vyoo. Watu hupita hapo mpaka asubuhi.”

“Wengi?”

“Wengi.”

“Na jirani?”

“Kumi na tatu na kumi na tano zimechukuliwa na kikundi cha kanisa. Watu thelathini hivi, na watoto. Bwana, nina nafasi nzuri sana kando ya ziwa.”

“Asante, mama, ya ziwa mpe mtu mwingine. Hao watoto ni wadogo?”

“Wengine wanabebwa.”

“Vizuri sana,” alisema Eliudi, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyepewa shamba.

Tulikwenda Jumamosi ya mwisho ya Agosti. Zilibaki siku kumi na saba kabla ya ndege. Bilha alikuwa ameshaanza kununua zawadi za kupeleka nyumbani, na sanduku lake lilisimama wazi sebuleni, Eliudi akilizunguka kila alipopita kama mtu anayekwepa mbwa wa jirani.

Nambari kumi na nne ilikuwa mbaya kama tulivyoahidiwa. Mlango wa choo ulijibamiza kila dakika. Majirani walikuwa Wasalvador, watu wa Amerika ya Kati, kutoka mtaa wa Columbia Heights mjini Washington, na walikuwa na magitaa mawili, mipira mitatu na watoto ambao sikuweza kuwahesabu kwa sababu hawakutulia. Kabla hatujamaliza kusimamisha hema, Eliudi alichukua pakiti ya sukari na majani ya chai, akaenda kwao kujitambulisha. Nyumbani huwezi kupiga kigingi kwenye ardhi kabla ya kuwasalimu wanaokaa hapo. Wale watu walidhani anauza. Mmoja akatoa pochi. Eliudi akakataa, yule akasisitiza, Eliudi akakataa zaidi, mpaka bibi kizee mmoja mwenye shali alipoichukua ile sukari, akaibusu, na kumletea kiti.

Bibi huyo hakujua Kiingereza wala Kiswahili, na Bilha hakujua Kihispania. Walichoma mahindi pamoja. Bibi alimpa mikate yake ya mahindi iliyojazwa maharage, Bilha akampa chapati, kila mmoja akaonja cha mwenzake na kutikisa kichwa kwa heshima ya mtu anayejua chake ni bora. Nikawaacha, nikaenda kulala kwenye gari.

Asubuhi nilizinduliwa na Eliudi akigonga dirisha. Ilikuwa saa tatu na dakika ishirini. Uso wake ulikuwa umesawijika.

“Njoo umwangalie mama yako. Mimi siwezi.”

“Ana nini?”

“Hajaamka.”

“Labda amelala, Baba Mkubwa.”

“Bilha? Saa tatu?”

Niliinua pazia la hema. Bilha alikuwa amelala chali, mdomo wazi, akikoroma taratibu. Mlango wa choo ulijibamiza. Nje mtoto alilia, bibi akakohoa, mpira ukagonga kamba ya hema. Hakutikisika.

Nilipomwambia kwamba ni mzima, Eliudi aliketi chini kwenye majani, palepale alipokuwa amesimama. Kisha akaruka kama aliyekumbuka sufuria motoni. Alitaka ule usingizi usiguswe. Akaenda huku na huku, kidole mdomoni, akiwanyamazisha watu. Aliwapokonya watoto mipira kwa upole. Alishika mlango wa choo kwa mkono, akawafungulia na kuwafungia waliotoka kama bawabu wa hoteli. Bibi kizee alielewa, akawageukia watu wake, akasema neno moja tu. Magitaa yakakoma na watoto wakakaa chini. Kambi nzima ikanyamaza.

Hema likatikisika. Bilha akatoa kichwa, kitambaa kimekaa upande, macho yamejaa hofu.

“Mbona mmenyamaza?” alisema. “Nani amekufa?”

Eliudi aliuachia mlango wa choo, ukajibamiza. Mtu akacheka, kisha wote wakacheka, watoto wakarudishiwa mipira, na Bilha akatutazama mmoja mmoja, akarudisha kichwa ndani, akalala tena mpaka saa tano.

Njiani kurudi alikaa kiti cha nyuma na mfuko wa mahindi aliyofungiwa na bibi.

“Baba Zefania,” alimwambia mumewe, “tarehe ya tiketi inaweza kusogezwa?”

Eliudi alitazama mbele. “Inaweza.”

“Basi isogezwe mpaka Aprili. Na yule bibi ameniandikia namba ya simu. Sijui tutaongea nini, lakini nitampigia.”

Dakika chache baadaye alikuwa anakoroma, malori yakitupita pande zote mbili. Ndipo nilipomwuliza Eliudi, kwa sauti ya chini, jambo lililonikaa moyoni tangu Juni: kwa nini hakumwomba tu mke wake abaki.

“Kwa sababu angebaki,” alisema. “Angebaki, na hangelala.”