Barabara Tatu Kutoka Shuleni

Mwanangu aliniwekea sharti moja: nisiende kumchukua mjukuu shuleni peke yangu mpaka nijue kuvuka barabara. Nilikasirika. Mimi niliyefundisha shule ya msingi miaka yote ile, nikawavusha watoto wa watu huku malori ya Nzega yakipita, leo nifundishwe kuvuka na mtoto niliyemzaa! Lakini nilikuwa nimetoka Tabora kwa ajili ya huyo mjukuu. Alikuwa na miaka sita, na nilikuwa namjua kwenye simu tu, uso unaoganda kila mtandao ukisumbua. Nilitaka kumshika mkono, na nilikuwa na mwezi mmoja.

Kule Ulaya magari hupita kulia. Ukitoka kwetu, shingo imeshazoea kugeukia kulia kwanza, kumbe kifo kinakuja kutoka kushoto. Shingo niliirekebisha kwa siku tatu. Nikajifunza kubonyeza kitufe kwenye nguzo na kumngoja yule mtu wa kijani kwenye taa awake. Nikajifunza kuziogopa baiskeli pia, maana huko zina njia zake na hazikubembelezi.

Kilichonishinda ni adabu. Siku ya nne, mimi na mwanangu tukiwa katikati ya kivuko, mzee mwenye mkongojo alikuwa anakuja upande wetu. Kwetu Itetemia, pale Tabora, humpiti mtu wa umri ule kana kwamba unapita nguzo ya umeme. Nikasimama, nikakunja magoti kidogo, nikakutanisha viganja. Shikamoo ikanitoka yenyewe. Maskini mzee wa watu naye akasimama, akaanza kutazama chini, nadhani akifikiri nimedondosha kitu. Taa ikabadilika, honi zikalia, na mwanangu akanivuta kama mbuzi aliyegoma mnadani.

“Mama! Unataka kufa?”

“Nimemsalimia mzee tu.”

“Huku watu hawasalimiani barabarani.”

“Haya, wanasalimiana wapi?”

Kwa wiki mbili zilizofuata mwanangu akawa anakwenda kumchukua mtoto mwenyewe, nami nabaki dirishani. Pale dirishani niliikumbuka Tabora. Kutoka kwangu mpaka sokoni ni mwendo mfupi, lakini hunimalizia asubuhi nzima: habari za nyumbani, za watoto, za shamba, na jirani mmoja haniachii mpaka aulizie na kuku. Nilikuwa nikimkimbia. Sasa ningempa kiti.

Wiki ya tatu nikapewa mtihani. Mwanangu akavuka kwanza, akasimama upande wa pili kunitazama. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia, nikaenda. Katikati nikapishana na bibi kizee aliyeniangalia usoni, na naapa alikuwa anataka kutabasamu. Nikakaza macho kwa mtu wa kijani, nikampita.

“Umefaulu, mama!” mwanangu akasema, akanikumbatia. Niliona haya, lakini sikumwambia.

Kesho yake nikaenda peke yangu. Mjukuu akatoka getini na mkoba mkubwa kuliko mgongo wake. Tulipofika ukingoni mwa barabara ya kwanza, mwenyewe akanyoosha mkono akashika wangu. Kiganja kidogo, kina rangi za kuchorea, kina joto. Machozi yalinilenga, nikasingizia upepo. Tukavuka, na mara tulipokanyaga upande wa pili akaniachia, akatangulia akirukaruka. Amefundishwa hivyo: mkono ni wa barabarani. Kwetu mtoto akishika mkono wa bibi, anafika nao nyumbani.

Barabara ya pili akashika tena, akaachia tena. Mbele ilibaki moja, na safari yangu ya kurudi ilikuwa wiki iliyofuata.

“Mke mwenza,” nikamwita, kwa utani wetu wa bibi na mjukuu, “hakuna njia nyingine ya kwenda nyumbani?”

“Ipo, Bibi. Lakini ni ndefu, na ina barabara nyingi.”

“Twende hiyo.”