Miaka Mitatu ya Dalmas

Polisi walikuwa wameandika kwamba Dalmas ana miaka kumi na tisa. Nasike, mamake, alisikia ikisomwa hivyo katika korti ya Kajiado, Agosti 1998, akainuka katikati ya watu waliokaa na kusema mtoto wake hajafika hata kumi na saba. Askari akamkalisha. Hakimu alimtazama kijana, ambaye urefu wake ulikuwa umemponza, kisha akampa mama siku kumi na nne alete ushahidi.

Dalmas na rafiki yake Nick walikuwa wamekubali kosa: walivunja duka la vifaa vya ujenzi Kitengela. Nick alikuwa na miaka ishirini. Yeye alihukumiwa siku hiyohiyo, miezi tisa.

Nasike aliomba ruhusa kwenye shamba la maua alikofanya kazi ya kufunga waridi, akapanda basi hadi kwao Bungoma. Padri aliyembatiza Dalmas alikuwa amehamishwa, na vitabu vya parokia vilikuwa vimefungiwa stoo. Alirudi pale siku tatu mfululizo. Kaka yake alimwambia apumzike hata kidogo, naye akajibu kwamba atapumzika mtoto akishatolewa kwenye rumande ya watu wazima. Siku ya tatu karani akalipata jina: alizaliwa Mei, 1982.

Alirudi Kajiado akiwa na barua yenye muhuri. Soipan, afisa wa probesheni, aliisoma mara mbili, akafunga mlango wa ofisi.

"Mama Dalmas, sikiliza vizuri. Akiwa na miaka kumi na sita anaweza kwenda borstal, jela ya vijana. Huko kuna shule na kazi ya mikono, na hatalala na majambazi. Lakini borstal ni miaka mitatu. Si miezi tisa kama ya Nick, ambayo angepata bila barua hii."

Nasike aliichukua tena barua yake. Alitoka nje, akazunguka lile jengo la korti mara sijui ngapi. Alikuwa amewaona wanaume wa rumande wakishuka kwenye lori la magereza, na jinsi mmoja wao alivyomshika Dalmas shingoni huku akicheka. Aliporudi ndani aliiweka barua juu ya meza.

Hakimu alipotamka miaka mitatu, Dalmas aligeuka akamtafuta mamake kwa macho. "Ni wewe umenifunga," akasema, bila kupandisha sauti.

Maneno hayo alienda nayo kazini, akarudi nayo nyumbani. Waridi zilimchoma vidole kwa sababu alisahau kuvaa glavu. Mwezi wa Februari Nick aliachiliwa, theluthi ya kifungo imesamehewa, akaonekana stendi ya Kitengela na kofia mpya, akamwamkua vizuri, "Shikamoo mama," na Nasike akashindwa kuitika. Kila alipomwona alihesabu miezi iliyobaki, na kila mara ilikuwa mingi mno.

Safari ya kwanza kwenda kumwona mtoto ilimchukua siku nzima. Afisa wa borstal alirudi peke yake, akasema kwa upole kwamba kijana amekataa kutoka. Nasike aliacha sabuni na chapati, akarudi Kitengela. Alienda tena Pasaka. Safari hiyo Dalmas alitoka, akakaa ukingoni mwa benchi, akazungumza juu ya mashine ya kuchomelea vyuma na si kingine.

Aliachiliwa mwishoni mwa mwaka 2000, muda haujaisha, kwa ajili ya tabia yake, akawa anaripoti kwa Soipan kila mwezi. Alipata kazi ya kuchomelea mageti Kisaju. Nick wakati huo alikuwa amefungwa tena, miaka saba, na watu wa ploti wakamwambia Nasike kwamba aliona mbali. Haikumtuliza. Yeye hakuwa ameona chochote.

Dalmas alikuja kula kwake kila Jumapili. Hakuweza kukaa na mlango umefungwa. Alikula amesimama kizingitini, akitazama nje. Jumapili moja mamake akamuuliza waziwazi kama alimkosea.

Alitafuna kwanza, akameza.

"Mwaka wa kwanza nilikuchukia. Wa pili nikachoka kukuchukia. Ukiniuliza kama ulifanya vizuri, mama, mimi sijui. Usiniulize tena."

Kisha akanyoosha sahani aongezewe ugali. Nasike akampakulia, akaenda nyuma ya nyumba kuchuma sukuma wiki ambayo hakuna aliyekuwa ameiomba.