Betri za Mama Juani

Uani tulikuwa Mama, mdogo wangu Amani na mimi. Baba tulikuwa tumeshamzika. Juzi niliona betri zimeanikwa juani kando ya ndagala, dagaa wetu wa ziwani, na hasira ikanirudia yote.

Mwaka ule shule zilifungwa kwa sababu ya Korona, masomo yakapitia redioni, kwa Kifaransa. Mama alianika betri zetu ili zipate nguvu kidogo, na redio nzima ikanuka samaki. Amani alinyoosha kidole juu kama darasani, nami nikamuuliza:

“Mwalimu atakuona wapi, weye?”

“Ananiona ku taa hii nyekundu,” akajibu, akigusa redio.

Mwalimu akasema wazazi watueleze namna ya kugawanya nusu kwa robo, kisha redioni wakapiga muziki. Amani akamgeukia Mama. Mama akaendelea kugeuza ndagala. Nilidhani anatudharau, kumbe hakuwahi kukaa darasani.

“Minye sikusoma,” alisema mwishowe. “Weye ni mukubwa. Utajifunza, kisha utamuelezea.”

Nikaitika.

Mama alifariki kabla shule hazijafunguliwa, nami sikurudi. Nauza ndagala, Amani anasoma. Wakubwa waliojisifu redioni kwamba masomo hayakusimama waje wamfundishe wao, maana jana aliniuliza tena nusu kwa robo, na sijui.