Kalamu ya Nikahi ya Dada

Niliukata mchi wa mama. Nianze na hilo, maana hata nikizunguka vipi mtalifikia tu. Ule mchi wa kinu kidogo, wa kutwangia thumu na pilipili, niliukata kwa msumeno mama alipokuwa sokoni, na kinu nikakifunika kawa kana kwamba kuna chakula.

Sababu ninayo. Mama alishatangaza kwamba bwana harusi wa dada atatia sahihi kwa kalamu ya mti iliyochongwa na mwanawe, yaani mimi. Alimtangazia hasa mamake bwana harusi, ambaye tangu posa alikuwa akitutazama kama samaki wa jana. Kalamu nilikuwa sina. Kipande cha mwarobaini nilichoanza nacho kilipasukia kwenye mashine ya kuchongea kwa ubichi.

"Niletee mti mkavu, uliokomaa," alisema mjomba, mwenye karakana pale Shella. "Huna, nenda dukani kanunue uwadanganye."

Nyumbani kwetu kilichokauka na kukomaa kuushinda mchi ule ni babu peke yake, na babu haingii mashineni.

Mashine yenyewe inaongozwa na kompyuta. Mti unabanwa huku na huku, unazunguka polepole kama mshikaki juu ya makaa, na kisu chembamba kinashuka kuuchonga. Nakshi niliichora bapa kwenye skrini, maua ya mlango wa jirani, na mashine ikauvisha mti kama kikoi kiunoni. Ikawa inapendeza kweli. Kisha vumbi likatufikia.

"Chaa!" Mjomba huyo, anapiga chafya. "Alhamdulillahi. Mti gani huu?"

"Wa hapa hapa pwani, mjomba."

"Chaa! Alhamdulillahi. Mbona unawasha?"

"Yarhamukallah. Ni ukavu."

Nilimwombea rehema mpaka mate yakanikauka. Vanishi isingewahi kukauka kabla ya nikahi, kwa hiyo nilipokwisha kutia wino niliisugua kalamu kwa mafuta ya nazi, ikang'aa. Sikujua kwamba mafuta huifuata pilipili ndani na kuitoa nje.

Msikitini shemeji alitia sahihi vizuri tu. Jasho lilikuwa likimtoka, akajifuta uso kwa mkono ule ule. Macho yakafunguka kama mfereji.

"Maskini, kijana anapenda," mzee mmoja akanong'ona.

Alipoletwa nyumbani kumpa dada mkono, alikuwa bado analia kama aliyetahiriwa jana. Vigelegele vikapigwa. Mamake akalia naye, dada akalia kwa kuliliwa.

Mama hakulia. Aliiomba kalamu aitazame, akainusa, akanitazama. Alinivuta sikio hadi jikoni, akarudisha mlango, akasema:

"Mamake kijana amenikumbatia sasa hivi. Ati mwanawe hajapata kumlilia mtu, na kuanzia leo dadako ni binti yake wa kumzaa. Ukithubutu kumwambia mtu kwamba ile ni pilipili, nitakutwanga wewe."